Kugawana Maji na Kupanda kwa Pamoja: Habari za Wakulima wa Penebel katika Kisiwa cha Bali

Kijikaratasi hiki chaeleza maisha na kazi ya wakulima wa tarafa moja ya nchi ya Indonesia, iitwayo Penebel. Tarafa hiyo imo katika wilaya ya Tabanan, kisiwani Bali. Watu wake ni wakulima wadogo, na wengi wao hawana hata nusu ya hekta ya shamba la mpunga. Hata hivyo mashamba yao yamelimwa kwa karne nyingi, na maji yasiyo mengi yametosha watu wengi. Siri ya jambo hili si mbegu wala mbolea, bali ni mapatano baina ya mtu na jirani yake. Mapatano ya namna hiyo yalipoachwa kisiwani Bali, hasara ilikuwa kubwa. Yaliporudishwa, wakulima walipata nafuu. Mkulima asomaye habari hizi ataona ya kwamba maji na wadudu ni mambo yasiyoweza kushindwa na mtu mmoja peke yake.

1. Nchi Ilivyo

Penebel iko upande wa kusini wa mlima Batukaru, ambao kimo chake ni meta 2,276. Zamani mlima huo ulitoa moto na majivu, na majivu hayo ndiyo yaliyofanya udongo wenye rutuba. Mvua ni nyingi, hasa tangu mwezi wa Novemba mpaka Machi, na msitu ulio juu ya mlima huhifadhi maji yake.

Nchi imeinama, kwa hiyo wenyeji wameikata kama ngazi. Kila daraja ni jaruba lenye ukingo wa udongo, nalo husawazishwa hata maji yatulie ndani yake kama yaliyomo sahanini. Maji yakijaa katika jaruba la juu humwagikia la chini yake, na hivyo huteremka daraja kwa daraja hata bondeni. Katika kijiji cha Jatiluwih, kilicho karibu meta 700 juu ya bahari, majaruba ya namna hii yameenea karibu hekta 300. Mwaka 2012 shirika la UNESCO liliyaandika, pamoja na mashamba mengine ya Bali, katika orodha ya urithi wa dunia.

Mito ni mingi, lakini imejichimbia makorongo marefu sana, hata mkulima aweza kusikia maji yakivuma chini yake asiweze kuyateka. Ndiyo sababu maji hukingwa juu kwa banio, kisha huongozwa kwa mfereji, na mahali pengine kwa handaki lililotobolewa katika mwamba. Kazi hii ni ya kale. Maandishi yaliyochorwa Bali mwaka 896 yawataja mafundi wa kuchimba mahandaki. Basi ni dhahiri kwamba tangu siku hizo mtu mmoja hakuweza kujipatia maji yake mwenyewe. Aliyetaka mpunga alihitaji wenziwe wa kuchimba, wa kuzibua na wa kulinda mfereji.

2. Kazi ya Mwaka na Riziki ya Nyumbani

Mpunga wa asili katika sehemu za Jatiluwih ni mrefu, na mchele wake ni mwekundu. Hukaa shambani miezi mitano au sita. Watu huupenda kwa ladha yake, na bei yake sokoni ni nzuri kuliko ya mchele mweupe wa kawaida. Baada ya kuuvuna, wengi hupanda mpunga mfupi uivao upesi. Zamani mpunga mrefu ulikatwa suke kwa suke kwa kisu kidogo kilichofichwa kiganjani, ukafungwa matita na kuwekwa katika ghala lililoinuliwa juu ya nguzo. Siku hizi wengi hutumia mundu, na ng'ombe wa kulima wamepungua kwa kuwa trekta ndogo za mkono zimeingia.

Mavuno yakiisha, bata huletwa majarubani. Mchungaji huchomeka kijiti chenye kitambaa juu yake, na bata waliokwisha kuzoeshwa hukaa karibu nacho mchana kutwa. Huokota punje zilizodondoka, hula konokono na wadudu, na kuacha samadi. Hivyo shamba lililopumzika husafishwa, na mwenye bata hupata mayai kwa gharama ndogo.

Lakini mpunga peke yake hautoshi kulisha nyumba yenye shamba dogo na kulipa ada ya shule. Kwa hiyo penye miinuko isiyofikiwa na maji watu wamepanda kahawa, kakao, minazi na miti ya matunda. Wengi hufuga nguruwe na ng'ombe, na wengine wamejenga mabanda makubwa ya kuku wa mayai. Wanawake hupandikiza miche, huvuna na kuuza mazao sokoni. Vijana wengi hushuka mijini kufanya kazi za hoteli na ujenzi, wakaleta fedha nyumbani. Tena wako watu wasio na shamba lao wenyewe, ambao hulima la mwingine na kugawana naye mavuno.

3. Chama cha Maji

Wakulima wote wanaopata maji kwa mfereji mmoja ni wa chama kimoja, kiitwacho subak. Chama hiki si kijiji. Mtu mwenye mashamba mahali pawili penye mifereji mbalimbali ni mwanachama wa subak mbili, na wakulima wa vijiji viwili waweza kuwa wa subak moja. Maji ndiyo yanayowaunganisha, wala si mahali walipojenga nyumba zao. Katika kisiwa chote cha Bali mna subak zaidi ya 1,000, na kwa kawaida kila moja ina wakulima tangu 50 hata 400.

Wanachama humchagua mkuu wao, aitwaye pekaseh. Yeye huitisha mikutano, hutazama mifereji na kusuluhisha magomvi. Barazani, mwenye jaruba moja na mwenye majaruba kumi wana haki sawa ya kusema, wala ukoo mkubwa haumpi mtu kura ya pili. Sheria za chama zimeandikwa. Zaeleza siku za kazi, kiasi cha maji, na faini ya mtu azibaye mfereji, aibaye maji usiku, au asiyefika kazini bila udhuru. Fedha za chama huandikwa daftarini na kusomwa mbele ya watu, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Watu wengi wa Bali ni Wahindu, na kila subak ina hekalu lake. Hata mahali maji yaingiapo katika shamba la mtu hujengwa madhabahu ndogo. Katika kijiji cha Wongaya Gede, humo humo Penebel, liko hekalu kubwa la Luhur Batukaru, chini ya mlima. Msomaji wa dini nyingine hana haja ya kuiga ibada hiyo. Afaalo kutazama ni kazi inayofanywa nayo. Sikukuu za hekalu huwakutanisha wakulima wa juu na wa chini, nao huko hupatana siku ya kufungulia maji, siku ya kupanda na siku za kupumzisha mashamba. Hivyo hekalu ni mahali pa ibada, tena ni baraza la kalenda ya kilimo.

4. Jinsi Maji Yapimwavyo

Maji hayagawanywi kwa kukisia. Mfereji unapofika mahali pa kugawanyika, huwekwa kizuizi chenye mapengo, cha mti au cha saruji. Kila pengo lina upana wake, na upana huo ndio fungu la maji la kundi au la mtu. Mapengo yote huwa na sakafu ya usawa mmoja. Kwa hiyo maji yakipungua mtoni, hupungua kwa wote kwa kadiri ya mafungu yao, wala hapana mmoja apataye yote na mwingine kubaki mkavu.

Kizuizi cha namna hii kina faida mbili. Ya kwanza, kila mpita njia aweza kukitazama na kujua kama kimeharibiwa. Ya pili, kazi hufuata fungu: apataye mafungu mawili hutoa kazi au fedha za mafungu mawili mfereji unaposafishwa. Palipo na kipimo kinachoonekana, magomvi hupungua, na magomvi yakitokea huamuliwa upesi.

5. Kwa Nini Majirani Hupumzisha Mashamba Pamoja

Hapa ndipo penye jambo kubwa la kijikaratasi hiki. Mwenye shamba juu ya mfereji hupitiwa na maji kwanza. Akitaka, aweza kujifungulia yote. Kwa nini basi amwachie jirani aliye chini?

Jibu moja ni sheria na faini. Jibu la pili, lenye nguvu zaidi, ni wadudu. Yuko mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, ambaye watu wa Indonesia humwita wereng. Hukaa chini ya shina la mpunga na kufyonza utomvu wake, hata shamba lote hukauka kama lililounguzwa kwa moto. Jike mmoja hutaga mayai mamia, na kizazi kipya hukua katika muda wa mwezi mmoja hivi. Yuko mwingine wa kijani, ambaye hueneza ugonjwa uitwao tungro, ugonjwa wa kudumaza mpunga na kuugeuza manjano. Wadudu hawa huishi kwa mpunga. Wakiukosa katika eneo kubwa kwa majuma kadhaa, wengi wao hufa. Panya nao hupungua mashamba yakikosa chakula.

Lakini zingatia neno hili: katika eneo kubwa. Mtu mmoja akipumzisha jaruba lake, na majaruba ya jirani yana mpunga mbichi, wadudu huhamia huko, kisha hurudi atakapopanda tena. Kupumzisha shamba hufaa tu wakati majirani wengi wapumzishapo pamoja. Basi mkulima wa juu akimnyima maji mkulima wa chini, huyo wa chini hulazimika kuchelewa kupanda. Mpunga wa mmoja ukivunwa, wa mwingine ungali mbichi, na wadudu hawakosi chakula mwaka mzima. Hasara humrudia yule yule aliyenyima. Kwa hiyo wa chini amhitaji wa juu kwa maji, na wa juu amhitaji wa chini kwa kuzuia wadudu.

Tena pana upande wa pili. Wakulima wote wa mto mmoja wakitaka kulowanisha mashamba siku moja, maji hayatatosha, kwa sababu kazi ya kulainisha udongo kabla ya kupanda ndiyo inayotumia maji mengi kuliko zote. Kwa hiyo hupangwa zamu. Kundi la juu huanza, na kundi la chini hufuata baadaye kidogo. Tofauti ikiwa ndogo mno, maji huwa haba. Ikiwa kubwa mno, wadudu huneemeka. Kazi ya mikutano ya hekaluni ni kuipata tofauti ya katikati.

Mwaka 1993 wataalamu wawili wa Marekani, J. Stephen Lansing na James Kremer, walitoa hesabu walizozifanya juu ya subak 172 za mito miwili ya Bali, Oos na Petanu. Walilinganisha njia mbalimbali: kila subak kujipangia yenyewe, wote kupanda siku moja, na kupanda kwa makundi kama mahekalu yaamuavyo. Njia ya makundi ya mahekalu ndiyo iliyotoa mavuno mema.

6. Hasara Iliyotokea Mapatano Yalipoachwa

Katika miaka ya 1960 na 1970 serikali ya Indonesia ilikuwa na shida ya kweli, yaani kulisha watu wengi ambao idadi yao ilizidi kuongezeka. Zikaletwa mbegu mpya za mpunga, kama IR8 na baadaye IR36, zilizotoka katika chuo cha utafiti wa mpunga kilichoko Filipino. Mbegu hizi zina mashina mafupi, hupenda mbolea, na huiva upesi: IR36 huiva kwa siku 110 hivi. Wakulima walikopeshwa mbegu, mbolea na dawa za wadudu. Mwanzoni mavuno yaliongezeka sana, na mwaka 1984 Indonesia ilipata mchele wa kuwatosha watu wake.

Lakini pamoja na mbegu hizo ilikuja amri. Wakulima wa Bali waliambiwa wapande mara nyingi iwezekanavyo, kila mmoja kwa wakati wake, bila kungoja zamu za mahekalu. Waliotoa shauri hilo waliziona zamu hizo kuwa ibada tu. Punde mpunga ukawako shambani siku zote za mwaka, maji yakagombaniwa, na wereng wakaenea. Mbegu ya kushindana na mdudu mmoja ilipoletwa, ugonjwa mwingine uliingia: IR36 iliwastahimili wereng, lakini tungro iliidhuru. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, wakulima wa Bali walikuwa wakidai kurudishiwa zamu zao za zamani. Mbegu nyingi mpya zimebaki shambani hata leo, maana si mbegu zilizokosa. Lililokosa ni kudhani kwamba kila jaruba linaweza kulimwa kana kwamba halina jirani.

7. Dawa, Buibui na Shamba Darasa

Katika vita hivyo vya wadudu dawa zilinyunyizwa kwa wingi, kwa kuwa serikali ililipa sehemu kubwa ya bei yake. Lakini mpunga una walinzi wake. Buibui na wadudu wengine walao nyama huwala wereng kila siku. Dawa iliwaua walinzi, na mayai ya wereng yaliyofichwa ndani ya shina yakasalimika. Yalipoanguliwa, hapakuwa na wa kuyazuia makinda. Kwa hiyo mara nyingi shamba lililonyunyizwa sana ndilo lililoliwa sana.

Mwaka 1986 Rais Suharto alitoa amri ya kukataza aina 57 za dawa zisitumiwe katika mpunga, na kufika mwaka 1989 malipo ya serikali kwa dawa yalikuwa yameondolewa. Mwaka huo huo wa 1989 yalianzishwa katika kisiwa cha Java mafunzo ya namna mpya. Wakulima 25 hivi walikutana kila juma katika shamba moja, tangu kupanda mpaka kuvuna. Walihesabu wadudu wabaya na walinzi wao, wakalinganisha sehemu iliyonyunyizwa na isiyonyunyizwa, kisha wakaamua wenyewe la kufanya.

Mkulima wa Afrika Mashariki ayajua mafunzo hayo kwa jina la shamba darasa. Yaliletwa magharibi ya Kenya mwaka 1995, na tangu mwaka 1999 yakaenezwa zaidi katika Kenya, Tanzania na Uganda kwa msaada wa shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Basi mkulima akaaye katika shamba darasa la mahindi au la mihogo ajue kwamba mwanzo wake ulikuwa majaruba ya mpunga ya Indonesia.

Jambo moja zaidi juu ya gharama. Maji ya mito ya Bali, yapitapo katika miamba ya volkano, huchukua chumvi za fosfati na potasi zinazorutubisha mpunga. Mkulima aongezapo mbolea ya chumvi hizo bila kupima udongo wake aweza kuwa ananunua kitu alichokwisha kupewa bure, na ziada huteremka na maji hata baharini. Kabla ya kununua mbolea, yafaa kujua shamba lina upungufu gani.

8. Hatari za Siku Hizi

Hatari ya leo si wadudu tu. Wageni wengi huja Bali kutazama yale majaruba, na mahitaji ya ardhi ya hoteli na nyumba yamepandisha bei. Mwenye nusu hekta aweza kupewa kwa shamba lake fedha ambazo mpunga hautampatia maisha yake yote, na si haki kumlaumu atamanipo kuuza. Lakini jaruba lililojengwa nyumba halikingi maji wala halishiki zamu. Mfereji upitao hapo waweza kuzibwa au kuchafuliwa, na gharama ya kuutengeneza huwaangukia wachache waliobaki. Hivyo shamba moja likiuzwa, mashamba yaliyo chini yake hudhoofika pia.

Huko Jatiluwih wageni hulipa kiingilio, na watu wa kijiji na wa subak hupata sehemu yake. Swali linaloendelea kubishaniwa ni kama mkulima mwenyewe apata fungu la haki. Mgeni huja kwa sababu ya majaruba, na majaruba hudumu kwa kazi ya mkulima. Asipofaidika yeye, mwanawe hatashika jembe, na ngazi zisizolimwa hubomoka kwa mvua za miaka michache.

9. Mambo ya Kukumbuka

Nchi ya Penebel si kama nchi nyingine, na si kila shamba lina mfereji. Lakini mambo haya yafaa popote watu wanapopakana.

(a) Watumiao maji ya mfereji mmoja wawe na chama kimoja, mkuu waliyemchagua wenyewe, na sheria zilizoandikwa.

(b) Maji yagawanywe kwa kipimo kinachoonekana na wote, na kazi ya mfereji igawanywe kwa kipimo hicho hicho.

(c) Majirani wapatane siku za kupanda na siku za kupumzisha mashamba. Kuwanyima wadudu chakula katika eneo kubwa hakugharimu fedha, ila hutaka umoja.

(d) Kabla ya kunyunyiza dawa, chunguza kwanza wako walinzi wangapi shambani.

(e) Shauri jipya likija, lijaribiwe katika sehemu ndogo, na desturi ya zamani isiachwe kabla ya kujua ilikuwa ikifanya kazi gani.

(f) Akutanaye na mnunuzi wa shamba lake azungumze kwanza na wenziwe wa mfereji, kwa maana jambo lile ni lao pia.

Mkulima wa juu ayatazamapo maji yakipita kwenda kwa mwenziwe, asidhani kwamba mali yake yampotea. Maji yale yanakwenda kumlindia mpunga wake.